UZI: Nyasi, lori na bei ya maziwa. Nani amekuwa akilipia safari tangu enzi ya reli?

1/ Kila bei ya maziwa ikipanda, mjadala huku mtandaoni tunaujua kwa kichwa. Kundi moja: "serikali imelala." La pili: "ni makateli." La tatu: "fungeni mpaka, maziwa ya Uganda yanatumaliza." Halafu mvua inanyesha, bei inatulia kidogo, tunasahau mpaka kiangazi kingine. Leo nataka tuangalie kitu kisichotajwa sana kwenye hizo kelele: nyasi kavu, na lori linalozibeba. Sheria ya huu ukurasa ni ile ile. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

2/ Naandika nikiwa Donholm, na historia inaanzia hapa hapa. Jina la huu mtaa lilitoka kwa shamba la mifugo la mlowezi, lililoitwa Doonholm. Hata Jogoo Road zamani iliitwa Doonholm Road. Kwa hivyo tunaoishi ghorofani hapa Donholm na Savannah tunalala juu ya malisho ya zamani. Jiji lilikua, ng'ombe wakasogezwa mbali. Na kila kilomita waliyosogezwa, kuna mtu analipa.

3/ Hoja yangu yote iko hapa: kwa zaidi ya miaka 100, siasa ya maziwa Kenya imekuwa siasa ya kulipia safari. Safari ziko mbili. Nyasi kwenda kwa ng'ombe, na maziwa kuja kwa mnywaji. Kila enzi ilichagua mtu wa kubeba hizo gharama. Sisi hubishana kuhusu bei ya pakiti kwa sababu ndiyo tunayoiona dukani.

4/ Kwanza hesabu, ndio historia ieleweke. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 hivi anahitaji karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku (yaani ukishatoa maji). Robota moja la nyasi kavu lina karibu kilo 15. Kwa hivyo ng'ombe asiye na kitu kingine anamaliza karibu robota zima kila siku. Kwa kawaida mkulima huchanganya na nepia, mabua ya mahindi na chakula cha duka. Lakini kiangazi kikiuma, nepia hukauka na robota ndilo linabaki.

5/ Sasa lori. Lori la tani 10 ukilijazia saruji, utabeba tani 10. Lijazie nyasi. Litafika juu kabisa, kamba zimefungwa, turnboy amekaa kileleni, na bado halijafika hata nusu ya uzito wake. Robota 300 za kilo 15 ni tani nne na nusu tu. Nafasi imeisha, uzito haujafika. Mwenye lori anatoza safari nzima, kwa hivyo mkulima analipia nyasi na analipia hewa iliyo katikati ya nyasi.

6/ Tupige mfano. Hizi ni namba zangu za kuelezea tu, msiziweke kwa bango. Tuseme robota ni 200 shambani, na lori la robota 300 linakodiwa kwa 30,000. Usafiri unakuwa 100 kwa kila robota. Linafika kwa mkulima likiwa 300. Ng'ombe akitoa lita 10 kwa siku, kila lita tayari ina shilingi 30 za nyasi, kabla ya dawa, chumvi, mfanyakazi na maji.

7/ Kiangazi kije. Shamba la karibu limeisha nyasi, inabidi lori liende mbali. Robota shambani ni 350, usafiri ni 150. Jumla 500. Na ng'ombe akila nyasi peke yake, maziwa yanapungua. Tuseme lita 7. Sasa kila lita ina zaidi ya shilingi 70 za nyasi. Bei ya nyasi haikufika hata mara mbili, lakini gharama ya nyasi ndani ya lita moja imepita mara mbili. Wakulima wengi wanaijua hii hesabu bila kalkuleta. Sisi wa jiji hatuijui.

8/ Sasa turudi nyuma. Reli ilifika Nairobi 1899. Walowezi walipopewa mashamba ya Bonde la Ufa na nyanda za juu, walikuwa na shida ile ile ya leo: mazao mengi, soko liko mbali. Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa kuwalipia safari. Matawi ya reli yalipelekwa kwao: Kitale 1926, Nyahururu (wakati huo Thomson's Falls) 1929, Nanyuki 1930. Angalia ramani. Hayo matawi yalifuata mashamba yao.

9/ Hata nauli ilikuwa siasa. Miaka ya 1920 mahindi ya walowezi yalisafirishwa kwenda nje kwa nauli iliyoshushwa makusudi, na pengo likazibwa na nauli za juu za bidhaa zilizoingia nchini. Mwafrika aliyenunua nguo dukani alikuwa anachangia usafiri wa mahindi ya mwenye ekari elfu moja. Ruzuku ya usafiri haikubuniwa jana. Tofauti ni kwamba ile ya zamani haikuitwa ruzuku.

10/ Upande wa maziwa, walowezi waliunda Kenya Co-operative Creameries, KCC, mwaka 1925. Ikawa mnunuzi mkubwa, na baadaye karibu mnunuzi wa pekee kwa soko la miji. Wakati huo huo Mwafrika alizuiliwa kufuga ng'ombe wa gredi, sababu ya kila siku ikiwa magonjwa. Mlango ulianza kufunguliwa na Mpango wa Swynnerton wa 1954, na hiyo ilikuwa katikati ya hali ya hatari.

11/ Mwaka 1958 ikaja Sheria ya Sekta ya Maziwa na Bodi ya Maziwa ya Kenya. Hapa ndipo nyasi zinaingia kwa siasa moja kwa moja. Mfumo wa KCC ulikuwa na kota: ukiweza kuahidi maziwa mwaka mzima, masika na kiangazi, unapata kota na bei nzuri. Usipoweza, maziwa yako ni ya ziada na bei ni ya chini.

12/ Fikiria hiyo polepole. Nani anaweza kuahidi maziwa Februari, jua likiwa kali? Mwenye shamba kubwa, mashine ya kukata na kufunga nyasi, na ghala la kuweka. Mkulima wa ekari mbili hana ghala. Kwa hivyo kwenye karatasi kota ilikuwa kuhusu maziwa. Kwa vitendo ilikuwa inamlipa mwenye nyasi kavu. Hakuna kifungu kilichosema "mkulima mdogo asilipwe vizuri," na haikuhitajika kisemwe.

13/ Uhuru ukaja, mashamba mengi ya walowezi yakagawanywa, ng'ombe wa gredi wakaingia kwa wakulima wadogo wa Kinangop, Nyandarua, Kiambu na kwingine. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kota ilikuwa imefutwa. KCC ikawa inanunua kwa kila mtu, na serikali ikapanga bei. Masika yakileta maziwa mengi, KCC iliyanunua na kuyakausha kuwa unga wa kutumia kiangazi. Yaani shirika lenyewe likawa ghala la kila mtu.

14/ Nani sasa alikuwa analipia safari? KCC, na nyuma yake hazina ya serikali. Mwaka 1979 yakaongezwa maziwa ya bure ya shule, yale ambayo wazazi wetu wakiyataja wanalainika macho. Yalikuwa kitu kizuri. Pia yalikuwa bili, na serikali ilikuwa mlipaji mzito. Madeni yakajaa, usimamizi ukaoza, wakulima wakakaa miezi bila malipo. Ukimuuliza mzee yeyote aliyefuga miaka ya 1990, atakwambia jinsi ilivyouma.

15/ 1992 bei ya maziwa ikaachwa huru. Ulikuwa wakati wa masharti ya wakopeshaji wa nje, na mengi yaliachwa huru kwa pamoja. Bei ya mafuta nayo ikafuata mwaka 1994. Weka hizo tarehe mbili pamoja: ndani ya miaka miwili, mkulima alipoteza mnunuzi wa uhakika na akapata dizeli isiyo na bei maalum. KCC ilianguka, ikauzwa kwa watu binafsi mwaka 2000, kisha serikali ikairudisha 2003 kama New KCC.

16/ Tuwe wakweli, kuachwa huru hakukuwa hasara tupu. Viwanda binafsi vilikuja. Vyama vya ushirika vilivyokuwa imara vilipata nafasi. Ule wa Githunguri, ulioanzishwa 1961, ulijenga kiwanda chake na leo pakiti zake ziko kila duka la Eastlands. Wakulima wengi walilipwa kwa wakati kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Mtu akikwambia "turudi tu kwa KCC ya zamani," muulize ni ya mwaka gani.

17/ Lakini gharama ya safari ilihama. Ilitoka kwa hazina ikaenda kwa mkulima na mnywaji, na hakuna aliyetangaza. Wakati huo huo mashamba yaligawanywa zaidi. Kiambu leo ukitembelea mfugaji, utakuta ng'ombe watatu kwenye zizi, na shamba lililobaki ni kama uwanja wa voliboli. Nyasi zinatoka nje: Naivasha, Nakuru, Laikipia, Kajiado. Ng'ombe amekaa pale pale, chakula ndicho kinapanda lori.

18/ Mwaka 2010 mambo mawili yalitokea. Desemba, serikali ilirudisha udhibiti wa bei ya mafuta, ndiyo maana sasa kila tarehe 14 tunangoja tangazo la EPRA kama matokeo ya mtihani. Na tukapata katiba mpya iliyoleta kaunti, zilizoanza kazi 2013. Kaunti zinahitaji mapato, na njia rahisi ni cess: lori likipita kizuizi, lipa. Lori la nyasi likivuka kaunti mbili tatu, risiti zinajaa kwenye dashibodi.

19/ Hapa kuna kifungu ambacho ningependa kila mtu wa siasa akijue. Katiba, Ibara ya 209(5), inasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza kodi kwa njia inayoathiri shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa nchini. Iko pale, imeandikwa. Ukisikia mtu anagombea ugavana na kuahidi kumsaidia mfugaji, muulize kuhusu hicho kizuizi cha cess. Ni swali la dakika moja na jibu lake linakuonyesha mengi.

20/ Sasa ile miaka iliyotuumiza. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na maeneo makavu ya kaskazini na mashariki ndiyo yaliyoumia zaidi. Mifugo wengi sana walikufa. Nyasi zilitafutwa na kila mtu kwa pamoja: mfugaji wa kuhamahama anayejaribu kuokoa mbegu ya kundi lake, na mfugaji wa zizi Kiambu. Soko moja, nyasi chache.

21/ Na katikati ya hiyo, dizeli. Septemba 2022 ruzuku ilipunguzwa, na Nairobi dizeli ikaruka kutoka shilingi 140 hadi 165 kwa lita, kwa usiku mmoja. Julai 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Septemba 2023 dizeli ikawa 200.99. Oktoba, 205.47. Sababu nyingine zilikuwa za dunia, kama bei ya mafuta ghafi na shilingi kudhoofika. Nyingine zilipigiwa kura bungeni. Mtu makini hutenganisha hizo mbili kabla ya kupayuka.

22/ Shangazi yangu hufuga upande wa Kiambu. Alikuwa na ng'ombe wanne, akabaki na watatu. Nilipomuuliza kwa nini aliuza mmoja wakati wa kiangazi, bei ya ng'ombe ikiwa chini kabisa, aliniambia, "Kijana, nilimuuza ndio wale wengine wapate kula." Ng'ombe mmoja aligeuzwa kuwa nyasi za wengine. Mvua iliporudi, bei ya maziwa ilikaa vizuri, lakini yeye alikuwa na maziwa machache ya kuuza. Mkulima mdogo hununua nyasi zikiwa ghali na huuza ng'ombe akiwa rahisi. Kiangazi kikirudia mara mbili, ametoka kwa biashara.

23/ Upande wetu huku mtaani, inaonekana kwenye ATM ya maziwa. Mama anayetuuzia aliniambia wateja hawapotei, wanapunguza. Aliyekuwa ananunua lita anakuja na chupa ndogo na kusema "nipimie ya therti." Mwenye mtoto mchanga hapunguzi ya mtoto, anapunguza ya chai. Chai ya mkandaa imerudi nyumba nyingi, na si kwa ajili ya afya.

24/ Nje ya Kenya wamelijibuje hili swali la safari? Mfano mmoja. Saudia ilipoona kilimo cha majani ya mifugo kinamaliza maji yake ya ardhini, kampuni ya maziwa ya Almarai ilienda Arizona, Marekani, mwaka 2014 na kununua karibu ekari 10,000 ili ikuze majani na kuyapeleka kwao kwa meli. Utajiuliza, nyasi zinavukaje bahari na bado zilipe? Kwanza, zinashindiliwa mpaka ile hewa inatoka. Pili, makontena mengi huja Marekani yamejaa bidhaa na hayana mzigo wa kutosha kurudi nao. Nafasi ya kurudi inauzwa bei nafuu.

25/ Linganisha na lori letu. Linapeleka nyasi Kiambu likiwa limejaa hewa, na mara nyingi linarudi tupu. Safari ya kurudi pia iko ndani ya bei ya robota. Kwa hivyo kuna mambo mawili yanayoweza kupunguza gharama bila kugusa bei ya pakiti: kushindilia nyasi zaidi, na kununua kwa pamoja kupitia ushirika ili lori lipate mzigo kwenda na kurudi. La tatu ni ghala. Nyasi zilizokatwa baada ya masika zikiwekwa pakavu, zinanunuliwa bei ya masika na kuliwa kiangazi. Kumbuka kota: ghala ndilo lililowapa walowezi nguvu.

26/ Turudi kwa zile hoja tatu za mwanzo. "Serikali ipange bei ya maziwa." Sawa, lakini ukipanga bei ya pakiti bila kugusa nyasi na dizeli, unamwambia mkulima alipie tofauti. Kiangazi kikifika, atauza ng'ombe. "Ni makateli." Madalali wapo, na wengine wananyonya. Ila dalali hustawi pale mkulima mmoja mmoja hawezi kukodi lori zima. Robota 300 kwa wakulima 30 ni lori moja.

27/ "Fungeni mpaka." Maziwa ya Uganda ni nafuu kwa kiasi kikubwa kwa sababu kule kusini-magharibi ng'ombe wanatembea kwenda kwa nyasi. Huku nyasi zinapanda lori kwenda kwa ng'ombe. Kufunga mpaka kunampa mkulima wetu nafuu ya muda na kunampandishia mama wa Donholm bei. Huenda ukaamua inafaa, hiyo ni siasa halali. Lakini sema waziwazi nani analipa, na usisahau kwamba tumetia sahihi soko la pamoja la Afrika Mashariki lililoanza 2010.

28/ Na kwa wanaosema "ondoeni kodi yote ya mafuta": Ushuru wa Matengenezo ya Barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Inauma. Lakini barabara mbovu nayo ni kodi: lori linatembea polepole, linachoma dizeli zaidi, linavunja springi, na mwenye lori anaongeza bei. Swali la maana ni kama zile shilingi 25 zinafika kwenye barabara ya shambani ambako nyasi na maziwa vinatoka. Hilo linaweza kufuatiliwa kaunti kwa kaunti, na ndilo ningependa tupigie kelele.

29/ Darasani tunafundishwa kwamba wanasiasa hupenda kushughulikia bei inayoonekana, kwa sababu kura hufuata macho. Pakiti inaonekana. Robota halionekani. Kizuizi cha cess kule njiani saa tisa usiku hakionekani kabisa. Ndiyo maana mkoloni aliweza kuwalipia walowezi safari kupitia nauli za reli bila wengi kugundua, na ndiyo maana mzigo uliweza kurudishwa kwa mkulima miaka ya 1990 bila mjadala wa maana.

30/ Msimu wa kampeni ukija, mtaahidiwa maziwa ya bei nafuu. Ulizeni maswali manne. Nyasi za kiangazi zitawekwa wapi? Cess ya malisho itafutwa au itabaki? Barabara za mashambani zinapata kiasi gani cha ule ushuru wa mafuta? Na bei ikishuka dukani, nani amebeba tofauti: hazina, mkulima, au mwenye kiwanda? Akijibu matatu kati ya hayo manne, angalau amewahi kuongea na mtu mwenye ng'ombe.

31/ Mwisho wa uzi. Kama wewe ni mfugaji ama unaendesha lori la nyasi, tuandikie hapo chini unalipa ngapi kwa robota na linatoka wapi, wengine tujifunze. Uzi ujao ni wa bei ya unga, na huko nako kuna reli ndani yake.